Kwa Nini Mtoto Husoma Hadithi za Kiingereza Shuleni?

Mzazi wa Shinyalu au Malava akiisha kulipa karo na kununua sare, huona katika orodha ya vitabu riwaya na tamthilia za Kiingereza, naye huuliza: Mtoto amepelekwa kutafuta elimu, hadithi hizi ni za nini? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Zamani swali hilo lilikuwa gumu zaidi. Wakati wa ukoloni mtihani wa kidato cha nne ulitungwa Cambridge, Uingereza, na kijana aliyezoea kupalilia mahindi alitakiwa kueleza mambo ya wafalme wa Shakespeare. Mwaka 1968 wasomi watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wakitaka fasihi ya Afrika iwekwe mbele. Polepole vitabu vya shule navyo vikabadilika.

Tutoe mfano wa mwandishi wa karibu. Francis Imbuga alizaliwa mwaka 1947 huko Maragoli, nchi iliyotawaliwa wakati ule kutoka Kakamega. Tamthilia yake, Betrayal in the City, ilitolewa mwaka 1976, na baadaye iliwekwa kuwa kitabu cha mtihani. Nchi inayosimuliwa humo yaitwa Kafira. Mwanafunzi akizipanga upya herufi za jina hilo, ataona mwenyewe ni nchi gani.

Mwanzoni wazee wawili, Doga na Nina, wako kwenye kaburi la mtoto wao Adika, mwanafunzi aliyeuawa katika maandamano. Wataka kufanya sherehe ya kunyoa, desturi ambayo Waluhya wengi waijua vema. Wanakuja askari wawili kuwazuia. Mmoja, Jere, awaonea huruma. Mwenziwe Mulili hataki kusikia neno.

Mwalimu mzuri haanzi kwa kueleza. Huwagawia wanafunzi sehemu, huyu awe Nina, yule awe Mulili, wakasoma kwa sauti. Kisha huuliza: Serikali yenye bunduki yaogopa nini katika kunyoa nywele za wafiwa? Darasa hugawanyika. Mmoja asema waogopa mkusanyiko wa watu. Mwingine asema waogopa kukiri kwamba marehemu alikuwa mtu. Kila mmoja hana budi kuonyesha neno lililomo kitabuni linalotetea hoja yake. Hapo ndipo fasihi inapofundishwa, na Kiingereza hufuata chenyewe, kwa kuwa mtoto mwenye hoja hutafuta maneno ya kuisema.

Lakini wengi hununua kile kitabu chembamba cha mwongozo na kukiacha kitabu chenyewe. Hukariri kwamba Mulili ni mwenye tamaa, na ukimwuliza ni wapi alipoionyesha tamaa hiyo, hunyamaza. Hasara yake yaonekana katika KCSE. Karatasi ya pili huweka mbele ya mtahiniwa kipande cha kitabu cha lazima na maswali ya alama 25. Karatasi ya tatu yataka insha mbili juu ya vitabu, kila moja alama 20, yenye ushahidi kutoka kitabuni. Alama zote za Kiingereza ni 200. Aliyekariri mwongozo hujikuta hana la kuandika.

Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana msaada wowote. Karatasi ya kwanza hutenga alama 30 kwa ustadi wa kusema na kusikiliza, na mara nyingi huuliza jinsi ya kusimulia ngano: pa kupandisha sauti, pa kunyamaza, jinsi ya kuwavuta wasikilizaji. Bibi aliyesimulia ngano za fisi na sungura jikoni kwake, kwa Kiisukha au Kimaragoli, ameyafanya hayo maisha yake yote. Mtoto na aketi karibu naye wakati wa likizo, amtazame anavyofanya.