GARI LAKO LINAPOTETEMEKA: SOMA DALILI KABLA YA KUNUNUA VIPURI

Wakulima wengi wa Kenya siku hizi hupeleka mazao yao sokoni kwa gari lao wenyewe. Mwenye ng'ombe hupeleka maziwa kwa Probox, na mwenye nyanya huzipakia katika pikapu. Gari ni chombo cha shamba kama jembe na plau. Lakini gari likiharibika njiani na nyanya zimo ndani, mkulima hupata hasara mara mbili: mazao yanaoza, na fundi naye anataka fedha.

Hasara hiyo ya pili huzidi kwa sababu ya haraka. Gari linatetemeka, taa ya njano inawaka, na mtu mmoja anasema, "Weka plagi mpya." Plagi zinanunuliwa, lakini mtetemeko haukomi. Mwingine anasema, "Ni pampu ya petroli." Pampu nayo inanunuliwa. Mwishowe huonekana kwamba ni mpira mdogo wa hewa uliopasuka. Basi yafaa ujue kusoma dalili za gari lako, ili ununue kile tu kinachohitajiwa.

LINATETEMEKA WAKATI GANI?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake halina gharama.

Kama gari linatetemeka likiwa limesimama na injini inanguruma, tazama injini au mipira inayoishika. Kama limetulia likisimama, lakini usukani unatikisika ukifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, usiguse injini. Tazama magurudumu. Ondoa matope yaliyokauka ndani ya rimu, kaza nati zote, kisha magurudumu yakapimwe uzito kwa mashine. Kama mtetemeko huja ukikanyaga breki tu, mwambie fundi azitazame diski za breki.

Mwenye gari la gia za otomatiki ana kipimo kingine. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, na mtu asisimame mbele ya gari wala nyuma. Weka gia katika D, kisha katika N. Kama gari linatikisika katika D na kutulia katika N, na injini inanguruma sawasawa, huenda mipira inayoshika injini imechakaa.

TAA ZINASEMA NINI?

Taa nyekundu inakuambia simama. Taa ya njano inakuambia nenda polepole ukatafute fundi.

Taa nyekundu yenye picha ya chupa ya mafuta maana yake mafuta hayasukumwi vizuri ndani ya injini. Simama mahali salama na uzime injini mara moja. Dakika chache tu zaweza kuiua. Taa nyekundu ya joto pia ni ya kusimama. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati wa moto, kwa maana maji hayo yatakuunguza vibaya. Taa ya betri maana yake betri haipati chaji, labda ukanda umekatika. Katika magari mengi ukanda huo huo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo usiendelee na safari kabla ya kuutazama. Taa nyekundu ya breki ikiwaka, angalia kwanza kama breki ya mkono imevutwa, kisha utazame kipimo cha mafuta ya breki.

Taa ya njano yenye picha ya injini ina lugha mbili. Ikiwaka bila kuzimika, waweza kufika nyumbani kwa mwendo wa pole. Lakini ikiwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, huku gari likitetemeka, petroli inatoka katika silinda bila kuungua na inaungulia ndani ya bomba la moshi. Humo mna chombo cha kusafisha moshi, nacho ni cha bei kubwa. Kikipata joto hilo huyeyuka. Punguza mwendo, usipande mlima na mzigo, na usisimamishe gari juu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi, maana yaweza kushika moto.

INJINI INAPOMISI

Injini ya silinda 4 ni kama watu wanne wanaotwanga kwa zamu. Mmoja akikosa zamu yake, mwendo wote huharibika. Mafundi husema injini "inamisi". Silinda huhitaji vitu vitatu: petroli, hewa na cheche kwa wakati wake, na tena iweze kukandamiza. Kimoja kikikosekana, gari litatetemeka.

Anza na mambo ya bei ndogo. Zima injini, ipoe, kisha fungua chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi huziba upesi. Baadaye washa injini na usikilize kama pana sauti ya hewa inayovuma karibu na mipira midogo. Angalia mikono na nguo zisifikie ukanda na feni. Mpira uliopasuka huingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haikuipima. Mlango wa hewa wa injini nao hushika masizi, na fundi aweza kuusafisha.

Kumbuka pia mahali uliponunua petroli. Wauzaji wengine huchanganya petroli na mafuta ya taa, na ndiyo sababu mwaka wa 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kama gari lilianza kumisi mara tu baada ya kujaza tangi, mwambie fundi jambo hilo, na uweke risiti.

ISOMWE KOMPYUTA KABLA YA KUNUNUA

Taa ya njano ikiwaka, kompyuta ya gari huweka namba ya kosa. Fundi mwenye mashine ya kuisoma huichomeka chini ya usukani. Namba P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ni ya pili, na P0300 ni kwamba kumisi hakuko katika silinda moja tu. P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Iandike namba hiyo katika daftari yako.

Lakini namba inaonyesha mahali penye kosa tu. Haikuambii ni kipuri gani kimekufa. Katika gari kama Probox la petroli, kila plagi ina koili yake. Kama namba ni P0301, fundi azime injini, ahamishe koili ya silinda ya kwanza hadi ya pili, afute namba, kisha awashe tena. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu, nawe utanunua koili moja tu. Isipogeuka, ajaribu kuhamisha plagi vivyo hivyo. Ikiwa bado, atazame pua ya petroli na apime mkandamizo wa silinda.

Usikubali mtu aondoe waya wa betri ili taa izimike tu. Namba zitafutika, ugonjwa utabaki, na fundi wa pili hatakuwa na la kusoma.

Gari la dizeli halina plagi za cheche. Likitetemeka, tazama kwanza chujio la dizeli, maji yaliyoingia ndani yake, na hewa katika mipira ya dizeli. Magari mengi ya dizeli yana taa ya kuonya juu ya maji. Ikiwaka, maji na yatolewe upesi kabla hayajaharibu pampu.

UKINUNUA GARI LILILOTUMIKA

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano ya injini yapasa kuwaka, kisha izimike injini ikianza. Kama haiwaki kabisa, huenda imekufa au mtu ameizima ili usione ugonjwa. Usitoe fedha kabla kompyuta haijasomwa mbele yako.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kila unapokwenda kwa fundi, mwambie mambo matatu: gari linatetemeka wakati gani, taa ipi imewaka, na lilianza lini. Mwambie pia akurudishie kila kipuri cha zamani alichokitoa. Fundi mzuri hatakasirika kwa maswali yako, na fedha zitakazobaki zitakununulia mbolea.