Paka Mgeni Anaposusa Chakula

Kila likizo ya shule inapofika, watoto wetu huanza kurudi nyumbani na vipaka. Huyu kapewa na rafikiye wa chuoni, yule kamwokota nyuma ya soko, mwengine kaletewa na shangazi yake kutoka Lamu, mji ambao paka wake hawana hesabu. Furaha hujaa nyumba nzima kwa muda wa saa moja. Kisha kipaka huingia chini ya kabati, hushinda huko mpaka usiku, na asubuhi samaki aliyewekewa yuko vile vile, kazungukwa na sisimizi. Siku ya pili mtoto analia. Siku ya tatu bibi husema, "Mwacheni, akishikwa na njaa atakula."

Kwa sababu ya neno hilo la bibi, ambalo husemwa kwa nia njema kabisa, tumeona tuandike makala haya. Kwa paka neno hilo lina hatari. Paka akikaa bila ya kula, mwili wake huanza kuyatumia mafuta aliyoyaweka akiba, nayo huenda kwa wingi kwenye ini, na ini la paka halina uwezo wa kuyamaliza. Likisha kujaa mafuta, hata ile hamu ndogo ya chakula iliyobaki huondoka. Macho na ufizi hugeuka manjano, na asipopata daktari wa mifugo hufa. Maradhi haya huwapata zaidi paka wazima walionenepa, ambao sisi hudhani ndio wenye kustahimili njaa, na siku chache tu bila ya chakula hutosha kuyaanzisha. Kipaka mchanga, naye, hana akiba yoyote mwilini. Siku nzima bila ya tonge ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Basi kwa nini mnyama mwenye njaa aache kula ilhali chakula kiko mbele yake? Wengi hudhani ni kiburi, au kwamba kazoea vya watu. Ukweli ni kwamba anaogopa. Asili ya paka wetu ni paka mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, aliyeanza kuyakaribia makazi ya watu yapata miaka 10,000 iliyopita, pale walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaifuata. Mnyama yule aliishi peke yake. Alikuwa mwindaji, lakini kwa udogo wake naye aliwindwa, na silaha yake ya kwanza ilikuwa kujificha. Kula ni kutoka nje, kuinamisha kichwa na kuwapa wengine kisogo. Hakuna mnyama mwenye hofu atakayekubali kufanya hivyo katika mahali asipopajua.

Tena paka huijua nyumba kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Kule alikotoka, kila pembe aliisugua shavu lake, akaiachia harufu yake mwenyewe. Kwenu hakuna hata pembe moja yenye harufu hiyo. Mleteni, basi, pamoja na kitambaa au kipande cha mkeka alichokuwa akikilalia, na wala msikifue. Mchukueni katika kikapu chenye mfuniko. Kumtia ndani ya gunia na kumning'iniza kwenye pikipiki, kama tuonavyo mara nyingi, ni kumtisha kabla hata hajafika.

Akifika, asionyeshwe nyumba nzima. Mpeni chumba kimoja kidogo, hata stoo, mlango na dirisha vifungwe. Humo mwekeeni sanduku la karatasi ngumu lililolazwa ubavu, na ndani yake kile kitambaa chake. Sanduku lisogezwe ukutani, mdomo wake uelekee mlangoni apate kuona anayeingia. Pembe ya mbali wekeni beseni pana lenye mchanga mkavu kwa ajili ya haja, na chakula kiwe upande wa pili, kwani paka hapendi kula karibu na choo chake, na sisi tungekuwa wa mwisho kumlaumu kwa hilo. Maji nayo yawe mbali kidogo na chakula, katika chombo kipana. Msishangae akiliacha bakuli lake na kunywa katika ndoo ya udhu. Maji hayo hayanajisiki kwa mdomo wa paka, kama wanavyuoni walivyotufunza.

Jambo moja huwa halitajwi, nalo latuhusu sisi watu wa pwani hasa. Nyumba zetu tunazifukiza. Chetezo cha udi jioni, ubani siku ya Ijumaa, na sakafu kupigwa dawa yenye harufu kali. Kwetu hiyo ndiyo nyumba iliyotunzwa. Kwa paka mgeni ni pazia zito mbele ya pua anayoitegemea. Tunawaomba kina mama waache kukifukiza chumba chake kwa wiki moja, na moshi usimwingilie. Zile dawa za kusafishia ambazo hugeuza maji kuwa meupe kama maziwa nazo zisitumike pale anapokanyaga, kwani huwa sumu kwake akijilamba miguu.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Paka hula kwa harufu, na chakula baridi hakina harufu. Kilichotoka kwenye friji kipashwe moto mpaka kiwe vuguvugu, kiasi cha joto la mwili, kisha kiwekwe kidogo kidogo: vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, jioni na usiku. Porini paka hula vitu vidogo mara nyingi kwa siku. Sahani iliyojaa haimpi hamu zaidi. Siku za mwanzo mpeni kile kile alichokuwa akila kwa wenyewe wa kwanza, hata kama nyinyi mwakiona duni. Kubadilisha kuje baadaye, kwa kuchanganya. Asipokitaka, mjaribuni kwa samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, au kuku aliyechemshwa bila chumvi wala viungo, na supu yake kidogo juu. Masalio ya mchuzi hayafai, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ndiyo kitu cha kwanza tunachokimbilia, huwaharisha paka wengi. Na wali mtupu au ugali mtupu hauwezi kumlea: paka asiyepata nyama wala samaki hatimaye hudhurika moyo na macho.

Kuna wanaomwona kanyong'onyea wakamsagia Panadol. Tafadhalini sana, msithubutu! Hata kidonge kimoja chaweza kumwua paka.

Chakula kikishawekwa, ondokeni. Hapa ndipo penye shida kubwa katika nyumba ya watoto watano, kila mmoja akitaka kushuhudia tonge la kwanza. Aghalabu tonge hilo huliwa saa nane za usiku, nyumba ikiwa kimya. Kumvuta kwa miguu kutoka mafichoni au kumlazimisha kwa kumtia chakula kinywani hurudisha kazi nyuma kwa siku kadhaa. Mpeni mtoto mkubwa kazi nyengine: aingie mara tatu kwa siku, aketi sakafuni, mgongo kidogo kwa paka, na adurusu masomo yake kwa sauti ya chini. Asimkodolee macho. Wakikutana macho, afumbe taratibu na kufumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza mwaka 2020 kuwa paka humkaribia zaidi mtu asiyemjua anayewafanyia hivyo.

Kina mama hawahitaji kukumbushwa kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tungependa tu kuongeza kwamba kumwekea chakula mnyama aliyejaa hofu, katikati ya kelele, bado hakujawa kumlisha.

Wajawazito huambiwa wamtupe paka mara moja. Hakuna haja hiyo. Ni kweli kwamba kinyesi cha paka chaweza kuwa na kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni, lakini kijidudu hicho huhitaji siku 1 au zaidi nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza. Beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na lisafishwe na mume au mtu mwengine. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia kubwa ya kijidudu hicho hicho, nazo hatuzitupi. Twazipika na kuziosha.

Kama paka mzima amemaliza saa 24 bila ya kugusa chochote, mpigieni simu daktari wa mifugo. Zikifika 48, mpelekeni. Kipaka apelekwe mapema zaidi, na yeyote anayetapika, anayeharisha au aliyeziba pua asingojewe hata kidogo, kwani pua ikiziba hasikii harufu ya chakula. Kipaka aliyetenganishwa na mamake kabla ya wiki 8 huenda hajajua kula peke yake. Huyo arudishwe kwa mamake ikiwezekana.

Akianza kula, kutumia mchanga na kuja mlangoni kuwasikiliza, mfungulieni chumba cha pili, kisha cha tatu. Nje asitoke mpaka wiki 2 au 3 zipite, la sivyo atapita juu ya mapaa kutafuta alikotoka. Na siku ya kumtoa kwa mara ya kwanza, mtoeni kabla hajapewa chakula cha jioni.