Nyumbu wa Kalamu katika Korongo la Naivasha

Mtu wa Pwani apandapo gari kwenda bara, akaipita Nairobi na kuushuka ule mteremko mkali wa Bonde la Ufa, hufikia mji wa Naivasha, ambao leo umo katika Kaunti ya Nakuru. Kusini ya ziwa iko mbuga iitwayo Hell's Gate. Si mbuga kubwa. Ni kilomita za mraba 68 tu, na ilitengwa rasmi mwaka 1984. Wageni huizunguka kwa miguu na kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga, jambo ambalo mbuga nyingi haziruhusu, kwani simba humo ni nadra sana.

Ajabu basi ni kwamba mbuga hii isiyo na simba ndiyo iliyochangia kumpa nyumba simba mashuhuri kuliko wote duniani. Mapema katika miaka ya 1990 wasanii wa kampuni ya Disney ya Marekani walikuja hapa kuyatazama magenge mekundu na korongo lake, waone jua linavyopiga mwamba na nyasi zinavyobadilika rangi. Wakarudi kwao wakachora. Mwaka 1994 ikatoka sinema ya katuni, The Lion King, iliyojaa majina ya lugha yetu: Simba, Rafiki, Shenzi, na yule ngiri waliyemwita Pumbaa. Sisi tusemao Kiswahili tulicheka kabla wenzetu hawajajua kichekesho ni kipi.

Lakini nitakalo kuzungumza leo si majina. Ni dakika mbili na nusu katika sinema ile, pale nyumbu wanapoporomoka kutoka juu na kufurika korongoni, na baba yake Simba anapoteza maisha.

Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Dakika mbili na nusu ni picha 3,600, na katika nyingi za picha hizo wamo nyumbu mamia. Hakuna jopo la wachoraji lingeweza kuwachora wote kwa mkono likamaliza na akili zake timamu. Basi nyumbu alichorwa kwa mkono kwanza, kisha umbo lake likajengwa ndani ya kompyuta, likazidishwa, na programu ikaandikwa ili kila mnyama akimbie kivyake bila kupenya mwilini mwa mwenziwe. Watu watano wenye ujuzi maalumu walikaa na kazi hiyo zaidi ya miaka 2.

Sasa angalia walilofanya. Kompyuta iliweza kumpa nyumbu mviringo na vivuli vinavyodanganya jicho. Wakakataa. Wakampaka rangi bapa na kumzungushia mstari kama wa kalamu, ili Simba mdogo, aliyechorwa kwa mkono, akikimbia katikati ya kundi lile asionekane mgeni. Mashine iliambiwa imfuate mchoraji, ikamfuata. Ndiyo sababu mtazamaji alishikwa na hofu ya kweli wala hakujiuliza mkono umeishia wapi na mtambo umeanzia wapi.

Sisi jambo hili tunalijua zamani. Fundi wa Lamu achongapo ua juu ya mlango hamwigi muuza maua. Ua lake halinyauki, petali zake zimepimwa kwa bikari, na hakuna bustani iliyolizaa. Hata hivyo hakuna apitaye akashindwa kujua kuwa hilo ni ua. Fundi ameteua cha kusema, kilichobaki amekiacha.

Mwaka 2019 kampuni ile ile ilirudia hadithi ile ile, safari hii bila kalamu. Kila unyoya, kila jani, kila punje ya vumbi ilitengenezwa na kompyuta ifanane na kitu cha kweli. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza baadaye kwamba vipande 1,490 vya sinema ile ni vya kompyuta, na kimoja tu, kile cha mwanzo kabisa, ndicho kilichopigwa kwa kamera hapa Afrika. Alikichomeka makusudi aone kama kuna atakayetambua.

Kwa ustadi, kazi ile haina mfano. Kwa fedha, ilivuna zaidi ya dola bilioni moja. Lakini simba wa kweli hana nyusi za kuinua wala midomo ya kutetemeka, na kwa kuwa waliapa kuwa waaminifu kwa simba wa kweli, mwana amefiwa na babake na uso wake umetulia kama wa paka aliyeshiba. Watazamaji wengi waliliona hilo. Mimi pia.

Muda mfupi baada ya sinema hiyo kutoka, Septemba 2019, mvua iliyonyesha mbali ililijaza korongo la Hell's Gate ghafla, na watalii waliokuwa chini wakachukuliwa na maji. Korongo likafungwa. Hatari ya mahali pale haina pembe wala kwato, na hakuna sinema yoyote kati ya zile mbili iliyoionyesha.

Ya wageni tumeyaona. Na wetu je? Mwanasinema wa Kenya Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012, alipokuwa Royal College of Art, London. Ni filamu fupi juu ya wanawake wanaojichubua ngozi, na ndani yake miili halisi ya watu huchanganyika na michoro ya mkono. Uchanganyaji huo si wa kujionyesha: ngozi yenyewe ndiyo kisa, basi lazima tuione ngozi ya kweli, ila fikira za mtoto anayetamani kuwa mweupe haziwezi kupigwa picha. Hizo huchorwa.

Mwaka 2023 alishiriki katika mkusanyiko wa Kizazi Moto kwa filamu iitwayo Enkai, jina ambalo kwa Wamaasai, wenyeji wa kale wa bonde hili, ni la Mungu. Miongoni mwa wasimamizi wa mkusanyiko huo alikuwa Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, ambamo mistari ya kalamu ilirudishwa juu ya maumbo ya kompyuta na ulimwengu wote ukageuka kutazama.

Bado wapo heroe wa Bogoria na Nakuru. Wakiruka kwa pamoja ni maelfu. Mkono mtupu hauwawezi, na kamera imekwisha kuwapiga hadi wamekuwa kadi za posta. Nyumbu wa 1994 walipatiwa dawa yao. Heroe wanangoja fundi.