Springi Ndogo, Hasara Kubwa

Yeyote asafiriye kati ya Meru na Embu huyajua magari ya miraa. Zao hilo hupoteza nguvu baada ya siku 2 hivi, kwa hivyo pikapu hukimbizwa bila huruma kutoka Maua hadi Nairobi. Kimoja cha vitu vinavyoumia humo ni springi ya valvu, isiyozidi urefu wa kidole.

Kazi yake ni kuifunga valvu kila inapofunguka. Injini ya petroli ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila springi hubanwa mara 50 kwa sekunde. Kwa saa 1 ni mara 180,000! Joto huilegeza, na mkwaruzo mdogo au kutu huwa mwanzo wa ufa. Ikilegea, valvu huchelewa kufunga, na katika injini nyingi pistoni hupanda ikaigonga. Hapo gari huvutwa kwa kamba.

Hatari huzidi kwenye mteremko wa Nithi au Thuci, dereva anaporudi gia ya chini ghafla. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, hata mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta.

Wengine basi hununua springi ngumu zisizo za mtengenezaji wa gari. Si zote mbaya. Za magari ya mashindano hutengenezwa kwa chuma safi mno. Lakini iliyo ngumu kupita kiasi hula kemshafti, na ile ya bei rahisi yaweza kulegea upesi. Mwambie fundi apime urefu wa kila moja kabla ya kuifunga, wala asichanganye mpya na kuukuu. Yenye mkwaruzo irudishwe dukani, hata mwenye duka akinuna.