Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Mashine ya Kusaga Mabaki ya Mbao
Viwanda vinavyopasua misonobari ya Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, hubakiwa na magome na mabanzi yanayoweza kusagwa kuwa nishati. Anayenunua mashine ya kusaga isiyohamishika apime kwanza wingi na unene wa mabaki anayozalisha kwa siku, kwani mashine kubwa mno hupoteza umeme na ndogo hukwama. Mota ilingane na umeme wa njia tatu wa hezi 50 unaotumika nchini. Matundu ya chekeche ndiyo yanayoamua ukubwa wa chenga. Kigunduzi cha chuma huokoa visu dhidi ya misumari. Aidha, vipuri vipatikane kwa urahisi na sehemu zinazozunguka zifunikwe, ili mtumishi arejee nyumbani salama.