Majirani Waliotutangulia Fordsburg



Mwanzoni mwa karne ya 20 mitaa hii ya Fordsburg ilikaliwa pia na Mayahudi waliohama kutoka Lithuania. Wengi walishukia Cape Town, na huko sheria ya uhamiaji ya 1902 ilimtaka mgeni aandike ombi lake kwa herufi za lugha ya Ulaya. Kiyidi chao huandikwa kwa herufi za Kiebrania. (Babu zetu, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wangelikwama vivyo hivyo.)

Malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayakufaa kitu. Mayahudi wa Transvaal waliunda Bodi ya Wajumbe mwaka 1903. Wenzao wa Rasi wakafuata 1904, kwa juhudi za wakili Morris Alexander. Sheria ya 1906 ikakikubali Kiyidi. Mwaka 1912 bodi hizo ziliungana kuwa chombo kimoja cha nchi nzima, nacho kingali hai.

Hakikushinda daima: sheria ya 1930 iliwafungia mlango jamaa zao wa Lithuania. Lakini linalonishughulisha zaidi ni ukimya. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilishika madaraka 1948. Bodi ikashikilia kwamba siasa ni hiari ya kila mtu, ilhali Mayahudi kama Joe Slovo walikuwa mstari wa mbele wa mapambano. Ni mwaka 1985 ndipo ilipoukataa ubaguzi huo waziwazi. Hofu ya wachache naielewa, kwani nami naishi kwa kibali. Hata hivyo, miaka 37!

Wazee wanaoandaa katiba ya umoja wetu hapa mtaani wameniomba niipitie. Kifungu cha ada kimekamilika. Kile cha nani atakayesemewa bado ni kitupu.