Fundi mwenye daftari

Magomeni, Dar es Salaam, mtaani kwetu, kulikuwa na mafundi cherehani wawili waliotazamana, barabara ikiwa katikati. Mmoja ni mtu wa watu. Ukipita anakuita kwa jina, anamuulizia mama, na kabla hujakaa umeshacheka. Mwenzake anaitikia salamu, kisha macho yanarudi kwenye sindano.

Gauni la harusi ya mdogo wangu nilimpelekea huyo wa kwanza. Akapokea kitenge na advansi, akaniambia nifuate Alhamisi. Nilikuja kulipata Jumamosi asubuhi, siku ya harusi yenyewe, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini.

Tangu hapo nikavuka barabara. Yule wa pili ana daftari la kaunta. Kila mteja ana ukurasa wake: vipimo, tarehe ya kuchukua nguo, na kipande kidogo cha kitambaa chake kimebanwa pembeni. Kabla ya kushika mkasi huchora kwa chaki, kisha huvuta futi kamba na kupima upya. Nilimuuliza sababu. “Kikishakatwa hakirudi, dada.”

Mwaka 1991, Murray Barrick na Michael Mount wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti 117 kuhusu tabia za watu na utendaji wao kazini. Walipima mambo matano: uchangamfu, utulivu wa moyo, upole kwa wenzako, udadisi, na ile hali ya kuishika kazi kwa makini mpaka iishe. Wakaangalia wataalamu, polisi, mameneja, wauzaji na mafundi. Hali hiyo ya kuishika kazi kwa makini ndiyo iliyoonekana kusaidia katika makundi yote. Haikueleza kila kitu, hata kidogo, lakini haikukosekana popote. Uchangamfu ulisaidia hasa kwa mameneja na wauzaji.

Ndiyo maana usaili wetu unanisikitisha. Kijana anaitwa, anakaa mbele ya watu watano, anapimwa kwa ufasaha wa dakika ishirini. Msichana mpole aliyetunza vitabu vya stoo miaka mitatu bila hata kopo kupotea anajibu kwa sauti ya chini, anaambiwa atapigiwa simu. Apewe leja yenye makosa aisahihishe pale pale! Frank Schmidt na John Hunter, waliopitia utafiti wa miaka 85 na kuchapisha matokeo mwaka 1998, waliiweka njia hiyo ya kumpa mtu kazi yenyewe miongoni mwa zilizo bora.

Yule fundi wa kwanza sasa ameacha cherehani, anauza vitenge palepale, na biashara imemkubali kwelikweli. Juzi nilimkuta amemshika mama mmoja mkono, anamvusha barabara huku wakicheka. Walipofika upande wa pili, fundi mwenye daftari alisogeza mkasi, akafungua ukurasa mpya, akaanza kwa kuandika tarehe.